Sura ya Sita: Rovu, Chumvi na Tezi ya Shingo

Rovu linatoka wapi? Hapa mkoani Kigoma swali hili linaulizwa Mwanga, linaulizwa Ujiji, na ukipanda kwenda Kasulu na Buhigwe linaulizwa zaidi, kwa sababu huko wazee bado wanawakumbuka bibi na mashangazi waliozeeka na uvimbe mbele ya shingo, mwingine mdogo wa kuonekana pale tu anapomeza mate, mwingine mkubwa wa kufichwa kwa kanga mchana kutwa. Majibu nayo ni mengi. Wapo wanaosema ni maji ya mto fulani. Wapo wanaosema ni kuni na ndoo zilizobebwa kichwani tangu utotoni, shingo ikachoka. Wapo wanaosema ni ukoo. Na wapo wanaoshusha sauti wakamtaja jirani.

Siku hizi limeongezeka jibu la mjini: "Ni homoni hizo." Mama akinenepa baada ya sindano ya uzazi wa mpango, ni homoni. Kijana akijaa chunusi, ni homoni. Mtu akiwa mkali nyumbani bila sababu, ni homoni. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini likiachwa hapo halimsaidii aliyeuliza. Homoni gani? Inatoka wapi? Imezidi au imepungua, na kwa nini?

Nimechagua kueleza homoni kwa kuanzia na rovu kwa sababu tezi ya shingo inaonyesha wazi jambo ambalo tezi nyingine hulificha: tezi hufanya kazi kwa mali ghafi. Mali ghafi hiyo hutoka kwenye chakula, chakula hutoka ardhini na majini, na ardhi ya mkoa huu ina upungufu wake. Kwa hiyo habari ya uvimbe wa shingo ya bibi wa Kasulu inapitia ndani ya ubongo wake, lakini inapitia pia Uvinza, kwenye chemchemi za maji ya chumvi.

Tezi ni nini, homoni ni nini

Tezi ni kiungo kinachotengeneza kitu fulani na kukitoa ili kitumike mahali pengine. Mwilini zipo za aina mbili. Za kwanza zina mfereji: tezi za mate humwaga mate kinywani, za machozi jichoni, za jasho juu ya ngozi. Za pili hazina mfereji wowote. Zinachotengeneza hupenya moja kwa moja ndani ya damu, na damu hukizungusha mwili mzima. Hicho kinachoingia kwenye damu ndicho homoni.

Elimu hii ni changa kuliko wengi wanavyodhani. Hadi mwanzoni mwa karne ya 20, mabingwa wengi waliamini kwamba amri zote za mwili hupita kwenye mishipa ya fahamu. Mwaka 1902, jijini London, William Bayliss na Ernest Starling walikata mishipa ya fahamu inayokwenda kwenye kipande cha utumbo wa mnyama, kisha wakaweka tindikali ndani ya utumbo huo. Kongosho, ambalo liko mbali kidogo, lilianza kutoa maji yake ya kusagia chakula kama kawaida. Amri ilikuwa imefika, na njia pekee iliyobaki ilikuwa damu. Miaka mitatu baadaye Starling ndiye aliyevipa vitu vya namna hii jina la homoni.

Sasa kama homoni inazunguka mwili mzima, mbona haivurugi kila kitu inapopita? Meli inapopiga honi katika bandari ya Kigoma, honi hiyo inasikika hadi Mwanga. Muuza dagaa anaendelea kupima dagaa, fundi cherehani anaendelea kushona; anayenyanyua mzigo wake ni yule mwenye tiketi. Mwilini tiketi hiyo huitwa kipokezi. Ni umbile maalumu lililo kwenye seli, yaani chembe hai ndogo zinazojenga kila kiungo. Seli yenye kipokezi cha homoni fulani huitika. Isiyo nacho huachwa na homoni ikapita.

Kiasi kinachotumika ni kidogo mno. Tezi ya shingo ya mtu mzima hutoa kwa siku mikrogramu 80 hadi 100 hivi za homoni yake kuu. Mikrogramu moja ni sehemu moja ya gramu iliyogawanywa mara milioni. Ndiyo maana upungufu mdogo usioonekana kwa macho unaweza kumlaza mtu.

Tezi zisizo na mfereji ambazo msomaji atakutana nazo mara nyingi ni hizi:

- Pituitari, iliyo chini ya ubongo, nyuma ya pua. Ina uzito wa nusu gramu tu, lakini ndiyo inayosimamia tezi nyingine kadhaa.
- Thairoidi, yaani tezi ya shingo, inayopanga kasi ya kazi za mwili.
- Parathairoidi, tezi ndogo, kwa kawaida nne, zilizojibanza nyuma ya thairoidi, zinazolinda kiwango cha kalsiamu kwenye damu.
- Adrenali mbili, zilizokaa juu ya figo.
- Kongosho, lenye kazi mbili: humwaga maji ya kusagia chakula kwa mfereji, na huingiza insulini kwenye damu bila mfereji.
- Ovari za mwanamke na korodani za mwanamume.

Usiku wa mvuvi na mchana wa mama

Wavuvi wa dagaa wa Kibirizi na Katonga hutoka usiku wa giza, wakiwa na taa. Upepo ukibadilika ghafla katikati ya ziwa, moyo wa mvuvi huanza kwenda mbio kabla hajasema neno. Mdomo unakauka, mikono inapata nguvu, usingizi unakatika. Hizo ni adrenali zake: zimeachia adrenalini, ambayo kwa sekunde chache imeongeza mapigo ya moyo na kulitaka ini limwage sukari kwenye damu ili misuli ipate cha kuchoma. Upepo ukitulia, adrenalini huondolewa kwenye damu ndani ya dakika chache, na mvuvi hubaki akitetemeka, amechoka.

Adrenali hizohizo hutoa homoni nyingine, kotisoli, inayokwenda taratibu. Kwa mtu anayelala usiku, kotisoli hupanda kuelekea alfajiri na kushuka jioni. Mtu anayefanya kazi usiku na kulala mchana anapingana na saa hiyo ya ndani, na uchovu anaoulalamikia si uvivu.

Mama naye, akiwa ameketi kwenye meza yake ya nyanya sokoni Mwanga, mtoto akianza kunyonya, taarifa hukimbia kwa mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo, pituitari huachia oksitosini, na ndani ya muda usiozidi dakika moja au mbili maziwa yanasukumwa yatoke. Kwa mama aliyezoea kunyonyesha, kumsikia tu mtoto akilia kunaweza kuyashusha. Na mama huyohuyo akiogopa au akiumia, oksitosini huzuiliwa na maziwa yanagoma. Wanaomfokea mzazi kwamba "hana maziwa" wangeanza kwa kumpumzisha.

Kongosho nitalieleza kwa kirefu kwenye sura ya kisukari. Hapa inatosha kusema kwamba baada ya sahani ya ugali sukari hupanda kwenye damu, insulini hufungulia seli njia ya kuipokea, na bila insulini mtu anaweza kufa njaa huku damu yake imejaa sukari. Hadi insulini ilipopatikana Toronto, Canada, mwaka 1921, mtoto aliyepata kisukari cha utotoni alikuwa hana muda mrefu wa kuishi.

*Kwa ufupi:* homoni ni taarifa inayosafiri kwa damu. Hutoka kwenye tezi isiyo na mfereji, huitikiwa na seli zenye kipokezi chake, na kiasi kidogo sana hutosha.

Tezi ya shingo na msimamizi wake

Pitisha vidole chini ya koromeo. Hapo, mbele ya bomba la hewa, imekaa thairoidi: mabawa mawili yaliyounganishwa katikati, kwa mtu mzima gramu 15 hadi 25. Ikiwa nzima ni laini, na wengi hawawezi kuipapasa.

Kazi yake ni kutengeneza thairoksini. Homoni hii huziambia seli karibu zote za mwili zifanye kazi kwa kasi gani: moyo upige mara ngapi, utumbo usukume kwa haraka gani, mwili utoe joto kiasi gani, mtoto arefuke, ubongo ujengeke. Thairoksini ikipungua, mtu husikia baridi wakati wenzake wanajipepea, choo kinakuwa kigumu, ngozi inakauka, sauti inakwaruza, uzito unaongezeka ingawa hali sana, hedhi inavurugika, mawazo yanakwenda polepole. Ikizidi, mambo hugeuka: joto, jasho, mikono inayotetemeka, moyo unaodunda hata umekaa, kukonda huku unakula vizuri, usingizi haupatikani.

Nani anaiambia tezi itoe kiasi gani? Pituitari. Kila wakati inapima thairoksini iliyo kwenye damu. Ikiona imepungua, inatoa homoni yake ya kuichochea thairoidi, ambayo vipimo vya maabara huiandika kwa herufi TSH. Thairoidi ikiitika na thairoksini ikipanda, pituitari inapunguza TSH. Ikipungua tena, inaongeza. Hivyo ndivyo ilivyo kwa homoni nyingi: kinachozalishwa hurudi kumwambia aliyeagiza kwamba kinatosha. Mtu mwenye afya hahisi lolote, kwa kuwa marekebisho haya hayakomi mchana wala usiku.

Ila kila chembe ya thairoksini ni lazima ibebe chembe nne za iodini. Iodini ndiyo ambayo kwenye mabango ya kliniki na kwenye pakiti za chumvi huitwa madini joto. Mwili hauwezi kuitengeneza, na hakuna kitu kingine kinachoweza kushika nafasi yake. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku. Mama mjamzito au anayenyonyesha, 250. Ukijumlisha mahitaji ya mtu mzima kwa miaka 60 hupati hata gramu nne.

Sasa fikiria mtu ambaye chakula chake hakimpi hata nusu ya kiasi hicho. Thairoksini inashuka. Pituitari inatoa TSH. Thairoidi inataka kuitika lakini haina iodini ya kutosha, kwa hiyo pituitari inaendelea kuisukuma, mwezi baada ya mwezi. TSH ina kazi ya pili: huifanya tezi ikue, seli zake ziongezeke, ili iweze kunasa kila chembe ya iodini inayopita kwenye damu. Baada ya miaka, ukuaji huo unaonekana nje.

Hilo ndilo rovu. Shingo ile haikulegezwa na ndoo ya maji, wala haikutupiwa kitu na mtu. Ni tezi iliyojitanua ili ifanye kazi ya kawaida kwa mali ghafi isiyotosha, na mara nyingi inafanikiwa: watu wengi wenye rovu, wakipimwa damu, wana thairoksini ya kutosha au karibu ya kutosha. Napenda hili lijulikane, kwa sababu wapo wasichana waliokataliwa kuolewa na wazee waliotengwa kwa ajili ya uvimbe ambao ni ushahidi wa mwili kujitahidi. Na wale wanaosema ni ukoo wamekosea nusu tu: ndugu hurithi miili, lakini pia hula chungu kimoja, kwa chumvi moja.

Mbona tuna ziwa na samaki?

Hapa msomaji wa Mwanga ana haki ya kusimamisha maelezo. Tunaambiwa samaki wana madini joto. Sisi tuna Tanganyika mlangoni, ziwa lenye kina cha mita 1,470, tuna migebuka, tuna kuhe, tuna dagaa wanaopelekwa hadi Dar es Salaam. Vipi tukose?

Jibu ni kwamba samaki wanaosifiwa kwa madini joto ni wa bahari. Iodini huyeyuka kwenye maji. Kwa maelfu ya miaka mvua imekuwa ikiisafisha kutoka kwenye ardhi, hasa ya milima na miinuko, na kuipeleka mitoni hadi baharini. Sehemu ndogo hurudi na mvua, lakini nchi ya mbali na pwani hupata kidogo. Udongo ukiwa hauna, mahindi, maharage na ndizi havina. Mbuzi anayekula majani ya hapo hana. Na samaki wa maji baridi anayo kidogo kuliko wa baharini. Dagaa wa Kigoma ni chakula bora kwa protini na kalsiamu, na sitaki mtu aache kuwala. Lakini hawawezi kuibeba kazi hii peke yao.

Ndiyo maana rovu lilikuwa jingi kwenye nyanda za juu za kusini mwa Tanzania na kwenye miinuko ya magharibi, na likaendelea ng'ambo, mashariki ya Congo, kote kwenye milima inayofuata Bonde la Ufa.

Basi labda chumvi? Mkoa huu una chumvi yake, na ni ya zamani kuliko ufalme wowote tunaoukumbuka. Pale Uvinza, ambapo mto Ruchugi unaingia Malagarasi, maji ya chumvi yanabubujika kutoka ardhini. Wachimbuaji wa mambo ya kale waliofanya kazi pale katika miaka ya 1960 walikuta mabaki ya vyungu na meko yanayoonyesha kwamba watu wamekuwa wakichemsha chumvi hapo kwa zaidi ya miaka 1,000. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipopita Uvinza wakielekea Ujiji, walikofika Februari 1858, waliikuta chumvi hiyo ikiwa bidhaa ya biashara. Wajerumani nao waliweka kiwanda, na reli ilipofika Kigoma mwaka 1914 chumvi ya Uvinza ilipata njia ya kwenda mbali zaidi.

Hata hivyo chumvi na madini joto ni vitu viwili tofauti. Chumvi ya chemchemi, ikichemshwa au ikianikwa juani ikabaki mawe meupe, ina iodini ndogo isiyofaa kutegemewa. Tena chumvi ya bahari nayo, ile ya Bagamoyo au ya Tanga, ni vivyo hivyo, jambo linalowashangaza wengi: maji ya bahari yana iodini, lakini karibu yote huondoka wakati wa kukausha. Kwa hiyo babu zetu walikula chumvi nzuri ya Uvinza kwa karne nyingi, na rovu likabaki palepale.

Muhogo unavyoingia kwenye habari hii

Katika Ziwa Kivu, upande wa Congo, kuna kisiwa kinachoitwa Idjwi. Watafiti waliokwenda huko katika miaka ya 1960 na 1970 walikuta jambo la kufikirisha. Kisiwa kizima kilikuwa na upungufu wa madini joto, kaskazini na kusini. Lakini rovu lilikuwa limeenea zaidi upande wa kaskazini. Tofauti waliyoishuku ilikuwa mezani: kaskazini walikula muhogo mwingi zaidi.

Muhogo, hasa mchungu, una sumu ya asili ya jamii ya sayanidi. Muhogo ukiloweshwa siku kadhaa hadi ulainike, kisha ukakaushwa, sehemu kubwa ya sumu hiyo huondoka. Inayobaki mwili hujilinda nayo kwa kuigeuza kuwa kitu kingine, thiosayanati, ambacho hakiui. Ila thiosayanati hugombania na iodini mlango wa kuingia kwenye tezi ya shingo. Mwenye iodini ya kutosha hadhuriki. Mwenye kidogo hunyang'anywa hata hicho kidogo.

Kwa hiyo mama anayeloweka muhogo wake kwa siku zinazotakiwa kabla ya kuuanika analinda shingo za watoto wake, hata kama yeye anafikiria ladha na weupe wa ugali tu. Hatari huja kwenye mwaka wa njaa, watu wanapofupisha siku za kuloweka kwa sababu watoto wanalia. Nimeona mara nyingi ushauri wa lishe ukimwambia mkulima wa Kigoma apunguze muhogo. Mimi siuungi mkono. Muhogo ndio unaomvusha ukame. Kinachotakiwa ni kuuandaa vizuri na kuweka iodini kwenye chungu.

*Kwa ufupi:* ardhi ya huku imeoshwa iodini na mvua, samaki wa ziwa hawalizibi pengo, chumvi ya asili haina ya kutosha, na muhogo ulioandaliwa kwa haraka hupunguza hata iliyopo.

Asiyeonekana

Rovu ndilo linaloonekana, na kwa sababu hiyo limechukua nafasi yote kwenye mazungumzo. Madhara makubwa zaidi yako kwa mtu ambaye bado hajazaliwa.

Ubongo wa mtoto huanza kujengwa wiki za mwanzo kabisa za ujauzito. Seli zake zinazaliwa sehemu moja, zinahamia sehemu nyingine, zinaunganishwa, na kazi hiyo inahitaji thairoksini. Lakini tezi ya mtoto huanza kufanya kazi kwenye wiki ya 12 hivi, na inachukua wiki nyingi zaidi kabla ya kumtosha. Kabla ya hapo anatumia ya mama. Mama asipokuwa na akiba, mtoto anajengewa ubongo kwa vifaa pungufu, na kilichokosekana kipindi hicho hakirudishwi baadaye hata akila vizuri namna gani.

Upungufu ukiwa mkali sana, mtoto huzaliwa na ulemavu unaoonekana: kiziwi, asiyesema, mwenye miguu isiyoshika vizuri, mfupi, mwenye akili iliyodumaa. Mimba nyingine hutoka, watoto wengine huzaliwa wamekufa. Watoto walioumia kiasi hicho ni wachache. Walio wengi ni wale ambao upungufu wao ulikuwa wa wastani. Hawa wanaonekana wazima, wanacheza mpira, wanapeleka mbuzi malishoni, ila darasani wanaelewa taratibu kuliko vile ambavyo wangeweza. Mwalimu anawaita wazito. Mzazi anakata tamaa ya ada.

Tanzania ina historia yake katika jambo hili. Kuanzia miaka ya 1980, serikali kupitia Taasisi ya Chakula na Lishe iligawa vidonge vya mafuta yenye iodini katika wilaya zilizoathirika zaidi. Kidonge kimoja kiliweza kumkinga mtu kwa mwaka mmoja au zaidi. Miaka mingi baadaye wachumi walilinganisha watoto ambao mama zao walikuwa wamekingwa wakati wa ujauzito na ndugu zao ambao hawakupata bahati hiyo. Wakaripoti mwaka 2009 kwamba waliokingwa walisoma zaidi, kati ya theluthi moja na nusu ya mwaka wa shule, na wasichana walifaidika zaidi. Watafiti wengine waliirudia hesabu hiyo na hawakukubaliana na ukubwa wa tofauti. Kwamba ubongo wa mtoto tumboni unahitaji iodini, hapo hakuna ubishi.

Madini joto ndani ya pakiti

Vidonge vilikuwa vya kuvukia. Njia ya kudumu ilijulikana tangu zamani. Uswisi, nchi ya milima isiyo na bahari, iliyokuwa na marovu mengi kuliko sisi, ilianza kutia iodini kwenye chumvi mwaka 1922. Michigan, Marekani, ikafuata mwaka 1924. Katika vizazi viwili rovu likawa jambo la kusimuliwa tu. Tanzania iliweka sheria ya kutia madini joto kwenye chumvi ya kula katikati ya miaka ya 1990.

Chumvi ilichaguliwa kwa sababu tajiri na maskini wote huitumia, kila siku, kwa kiasi kinachokaribiana. Kiwandani hunyunyiziwa iodeti ya potasiamu, aina ya iodini inayostahimili unyevu na joto kuliko nyingine, na haibadilishi ladha wala rangi. Chumvi ikifika jikoni na walau miligramu 15 za iodini katika kila kilo, gramu 10 zitampa mtu mikrogramu zake 150. Ikiwa na miligramu 30, gramu 5 zinatosha, yaani kijiko kimoja cha chai, na hicho ndicho kiasi ambacho mwenye kulinda presha yake hapaswi kukizidi. Kwa hiyo hakuna sababu ya kuongeza chumvi ili kupata madini joto.

Kikwazo ni chumvi ya mafungu. Wazalishaji wadogo hawana mitambo ya kunyunyizia, na chumvi yao ya mawe hupimwa kwa kopo kwa bei anayoimudu mwenye kipato kidogo. Kwa anayenunua sokoni, haya yanasaidia:

- Chagua pakiti iliyofungwa na iliyoandikwa kuwa ina madini joto.
- Nyumbani iweke kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na jua, moshi na mvuke wa jiko.
- Usiioshe chumvi. Wapo wanaoosha ya mawe ili itakate, na iodini inaondoka na maji.
- Itie chakula kinapokaribia kuiva.

Ipo tahadhari moja. Kwenye miaka ya 1990, chumvi yenye iodini ilipoingia kwa kasi Zimbabwe na mashariki ya Congo, baadhi ya watu wazima waliokuwa na marovu ya siku nyingi walianza kukonda, kutetemeka na kupigwa na moyo. Tezi iliyokaa na njaa miaka 30 huwa imeota vinundu visivyosikiliza tena pituitari. Vikipata iodini vinatoa thairoksini kupita kiasi. Hali hiyo hutibika, na jamii ikizoea kiwango sahihi hupungua. Mtu mzima mwenye rovu la zamani akiona dalili hizo aende hospitali, bila kuilaani chumvi mbele ya wajukuu wanaoihitaji.

Ukifika hospitali

Si kila uvimbe wa shingo ni upungufu wa madini joto. Kuna kinga ya mwili inayoishambulia tezi, kuna vinundu, kuna saratani. Uvimbe unaokua haraka, ulio mgumu, unaobadilisha sauti au kuzuia kumeza na kupumua haufai kusubirishwa. Daktari atapapasa, ataagiza kipimo cha TSH, pengine na picha ya mawimbi ya sauti. TSH ya juu maana yake pituitari inasukuma na tezi haitoi; ya chini sana mara nyingi maana yake tezi inatoa kupita kiasi. Rovu kubwa la miaka halinywei kwa chumvi peke yake, na likibana bomba la hewa hukatwa.

Ukataji huo ndio uliofundisha dunia kazi ya tezi hii. Theodor Kocher, daktari wa upasuaji wa Bern, Uswisi, alikuwa hodari wa kuondoa marovu. Mwaka 1883 alieleza kwamba wagonjwa aliowaondolea tezi nzima walikuwa wamevimba nyuso, wanasikia baridi, wamekuwa wazito wa akili. Aliacha kuiondoa yote, akaitangaza habari hiyo bila kuificha, na mwaka 1909 alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya tezi hiyo. Mwaka 1891 George Murray wa Newcastle, Uingereza, alikuwa tayari amemtibu mgonjwa wa namna hiyo kwa dondoo la tezi ya kondoo. Thairoksini yenyewe ilitengwa na Edward Kendall mwaka 1914.

Leo ni kidonge kidogo cha asubuhi. Kimezwe kwa maji matupu, na chai ya maziwa isubiri walau nusu saa, kwa sababu chakula na kalsiamu huzuia kisiingie kwenye damu. Vidonge vya kuongeza damu, vyenye madini ya chuma, viachane nacho kwa saa nne. Thairoksini hukaa mwilini muda mrefu. Baada ya wiki moja nusu yake bado ipo. Ndiyo maana anayeacha dawa hujiona mzima kwa siku nyingi na kudhani amepona, kisha uchovu unarudi polepole. Na mwanamke anayeitumia, mara anapojijua ni mjamzito, asisubiri tumbo lionekane ndipo aende kliniki: dozi yake kwa kawaida inatakiwa kuongezwa mapema, katika zile wiki ambazo tezi ya mtoto bado haijaanza kazi.